Modemu Imegoma Kwenye Kompyuta ya Mezani? Anzia Kwenye Laini

Usiguse mipangilio ya kompyuta kwanza. Modemu ikigoma, wengi hukimbilia huko: mtu anafungua madirisha, anabadili hiki na kile, anafuta programu na kuiweka upya, na baada ya saa mbili hajui tena kipi alikikuta kibovu na kipi amekiharibu mwenyewe. Intaneti ya laini ina njia yake. Inatoka mnarani, inapokelewa na modemu kwa kibali cha laini, inaingia kwenye tundu la USB, inakutana na draiva, ndipo inafika kwenye hiyo mipangilio. Fuata njia hiyo hiyo kutoka mwanzo, uthibitishe kila hatua kabla ya kuivuka. Mara nyingi utakuta tatizo limekaa huku mwanzoni, ambako mausi haifiki.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani, ile ya kwenye steshenari, ofisi ya mwalimu mkuu, zahanati au mapokezi ya nyumba ya wageni. Nayaandika haya kwa ajili yake makusudi, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu modemu unadhani unatumia laptop. Kompyuta ya mezani ina shida zake. Nyingi hazina Wi-Fi. CPU yake ni boksi la bati, na mara nyingi limesukumwa chini ya meza, ukutani, mahali ambapo hata simu hupoteza mtandao. Haina betri ya kuivusha umeme unapokatika. Na mara nyingi ni ya zamani: imeshabadilishwa Windows mara kadhaa na imebeba mabaki ya modemu za kila kampuni iliyowahi kufika mjini.

Laini kwanza

Toa laini kwenye modemu, iweke kwenye simu, zima Wi-Fi ya simu, kisha fungua tovuti yoyote ambayo hujaifungua siku za karibuni, ili simu isikuoneshe kurasa ilizokwisha kuzihifadhi. Usijipime kwa WhatsApp. Yapo mabando ya mitandao ya kijamii ambayo yatakufungulia WhatsApp na Facebook bila tatizo, lakini tovuti ya kawaida haifunguki, na ukiiweka laini hiyo kwenye kompyuta utaapa kwamba modemu ni mbovu. Kuna pia bando la usiku, ambalo mchana halifanyi kazi. Soma ujumbe wa bando ulilonunua mpaka mwisho.

Simu nayo ikikataa, kompyuta haina kosa. Hapo angalia salio, kisha angalia usajili. Tanzania laini zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Modemu iliyonunuliwa kabla ya hapo pamoja na laini yake, ikakaa kabatini, inaweza kuwa nzima kabisa ilhali laini imeshakufa. Piga *106# ufuate maelekezo, utaona usajili wa namba yako. Hata laini iliyosajiliwa vizuri, ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huweza kuifunga.

Halafu kuna PIN. Laini yenye namba ya siri itafanya kazi kwenye simu kwa sababu simu imekuuliza nawe ukajibu. Modemu ikikosa mahali pa kukuuliza inakaa kimya tu. Ondoa PIN ukiwa bado kwenye simu. Usibahatishe: ukikosea mara 3 utadaiwa PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini haifufuki tena.

Mwisho kwenye laini ni ukubwa wake. Modemu nyingi zina nafasi ya laini kubwa, wakati laini za siku hizi hukatwa ndogo kabisa, hivyo mtu anatumia fremu ya plastiki. Fremu hizo hucheza. Laini inasogea nusu milimita, inaacha kugusa, na ukiichomoa kwa nguvu inakunja vile vijino vya ndani vya modemu. Ukiweza, nenda kwa wakala ukabadilishiwe laini iwe ya ukubwa unaotakiwa. Namba inabaki ile ile.

Kabla hujaitoa laini kwenye simu, fanya jambo moja ambalo litakuokoa baadaye. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, fungua sehemu ya APN, na uandike kwenye karatasi kila ulichokiona hapo: jina la APN, jina la mtumiaji na nywila kama vipo. Simu hupata taarifa hizi yenyewe, kompyuta mara nyingi haizipati. Vodacom Tanzania hutumia internet. Safaricom ya Kenya hutumia safaricom, jina la mtumiaji saf na nywila data. Andika kwa herufi ndogo kama ulivyoona, bila nafasi mbele wala nyuma. Nafasi moja iliyojificha mwishoni mwa neno inatosha kukukosesha intaneti siku nzima, na haionekani kwa macho.

Soma taa

Rudisha laini kwenye modemu, ichomeke, kisha iache dakika moja bila kufungua programu yoyote. Tazama taa. Kwenye modemu nyingi za Huawei zenye taa moja, kijani inayowaka mara mbili kila baada ya sekunde 3 maana yake modemu imepata umeme lakini haijakamata mtandao. Kijani ya mara moja kila sekunde 3 inajisajili kwenye 2G. Bluu ya mara moja inajisajili kwenye 3G. Taa ikitulia bila kupepesa, kuna muunganisho wa intaneti. Modemu za kampuni nyingine zina rangi zake, lakini mantiki hazipishani sana: kupepesa ni kutafuta au kusubiri, kutulia ni kuunganishwa.

Taa ikibaki kwenye ile hali ya kwanza wakati laini umeshaipima kwenye simu, uliza maswali mawili. Je, modemu imefungwa kwa kampuni moja? Zilizouzwa kwa bei ya promosheni nyingi zilifungwa, na ukiweka laini ya kampuni nyingine zinadai namba ya kufungulia. Usijaribu namba za kuokota. Huawei nyingi hukupa nafasi 10 tu, zikiisha imejifunga moja kwa moja. Swali la pili: ilitoka wapi? Modemu ya 3G uliyotumiwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa ya masafa ya 850 na 1900 MHz, na 3G ya huku ni ya 900 na 2100. Itawaka, itatafuta, haitapata kitu. Hakuna mipangilio inayotibu hilo. Ukiwa na shaka na uhalali wa modemu yenyewe, soma IMEI iliyoandikwa kwenye kibandiko chake uitume kwenda 15090. Tanzania ilizima vifaa vya mawasiliano vyenye IMEI bandia Juni 2016.

Tundu la USB na njaa ya umeme

Hapa ndipo kompyuta za mezani hulala, na ndipo mafundi wengi hupita haraka.

Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0 hadi 900. Modemu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha, na hapo hula karibu kiwango chote cha tundu la kawaida. Sasa fikiria matundu ya mbele ya CPU. Hayapo kwenye mazabodi; yameunganishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya boksi, na kwenye kompyuta ya miaka kumi waya huo umeshalegea, au tundu lenyewe limepanuka kwa kuchomekwa flashi za wateja kila siku. Modemu inapata umeme wa kuwasha taa, inakosa wa kurusha. Dalili yake unaijua: inaunganishwa, unafungua ukurasa, inakatika, unasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa wakati hakuna aliyekigusa, baada ya sekunde chache kinarudi.

Zunguka nyuma. Chomeka kwenye matundu ya nyuma, yale yaliyoungwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Ondoa vifaa vingine vya USB vinavyokula umeme, hasa hadidiski ya nje na simu zinazochajiwa hapo. Kwenye steshenari simu za jirani zinazochajiwa kwenye kompyuta ni sababu tosha ya modemu kukatikakatika. Sina utani hapa.

Tatizo ni kwamba nyuma ya CPU, chini ya meza, ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa mawimbi ya simu: bati upande mmoja, ukuta upande wa pili, na juu yake meza ya chuma. Kwa hiyo unahitaji waya wa kurefusha USB ili modemu ikae juu, karibu na dirisha. Chagua kwa makini. Waya mrefu na mwembamba hupunguza umeme, ukajikuta umerudi pale pale. Mita 1 au 2 za waya mnene zinatosha ofisi nyingi. USB 2.0 haikubali waya wa kawaida uzidi mita 5, na waya wa kurefusha unahesabiwa pamoja na kila kilichoungwa hapo. Ukilazimika kwenda mbali, nunua habu ya USB yenye adapta yake ya umeme. Hakikisha pia waya unapitisha data, maana zipo za kuchaji tu: modemu itawaka taa vizuri, na kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa.

Ukishapata tundu linalofanya kazi, liwekee alama ya kalamu na usilihame. Sababu inakuja hapo mbele.

Modemu yenye sura mbili

Modemu nyingi za USB zilitengenezwa ziwe na sura mbili. Ukiichomeka mara ya kwanza, inajitambulisha kwa kompyuta kama CD yenye programu ya kusakinisha. Programu ikishaingia, inaiambia modemu igeuke, ndipo inaonekana kama modemu. Ujanja huu ulimsaidia mnunuzi asihitaji CD. Umewatesa watu wengine wote.

Kwenye Windows, ukichomeka ukaona CD mpya imejitokeza na hakuna kingine, modemu bado haijageuka. Kwenye kompyuta za ofisi ambazo mtu wa IT amezuia CD kujifungua zenyewe, hakuna kidirisha kitakachojitokeza. Ingia mwenyewe kwenye hiyo CD, ufungue programu ya kusakinisha kwa kubofya kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi. Tahadhari: programu iliyomo ndani ya modemu ni ya mwaka modemu ilipotengenezwa. Iliyoandikwa enzi za Windows 7 inaweza kusakinishwa kwenye Windows 10 bila malalamiko, kisha ikaganda kila unapobonyeza kuunganisha. Hapo fungua “Device Manager”. Ukiona alama ya njano kwenye jina la modemu, tatizo ni draiva, na APN haina uhusiano wowote na hilo. Tafuta draiva mpya ya modeli hiyo kutoka kwa mtengenezaji, uipakue kwa simu, uihamishe kwa flashi.

Nyingine, hasa za Huawei zinazoitwa HiLink, hazigeuki kuwa modemu hata kidogo. Zinageuka kuwa kadi ya mtandao, na ndani yake kuna ruta ndogo. Kompyuta inadhani imechomekwa waya wa LAN. Basi usihangaike kutafuta mahali pa kupiga *99# kwenye Windows. Fungua kivinjari, andika 192.168.8.1, na ukurasa wa modemu utafunguka. APN unaiweka humo, kwenye sehemu ya “Profile Management”. Za ZTE za aina hii nyingi hutumia 192.168.0.1. Watu wengi wanapoteza muda kwa kutokujua ni ya aina ipi kati ya hizi mbili waliyo nayo. Njia rahisi ya kujua: ikishachomekwa na kutulia, angalia orodha ya mitandao. Ukiona muunganisho mpya unaofanana na wa LAN, ni ruta. Usipouona, ni modemu ya kupigisha.

Windows

Kwa modemu ya kupigisha, programu ya kampuni ina sehemu ya kutengeneza wasifu. Tengeneza mpya, ipe jina lolote, weka APN kutoka kwenye karatasi yako, namba ya kupiga iwe *99#, na jina la mtumiaji na nywila uache wazi kama simu haikuwa navyo. Ihifadhi, kisha uifanye kuwa ya msingi, maana wengi husahau hatua hiyo ya mwisho na programu inaendelea kutumia wasifu wa kampuni ya zamani. APN ni jina la mlango ndani ya nyumba ya kampuni. Ukigonga mlango usiokuwepo hakuna anayekujibu, hata kama mawimbi ni nukta tano.

Windows 10 na 11 zinaweza kuitambua modemu ya karibuni zenyewe bila programu yoyote. Ikitokea hivyo utaona “Cellular” ndani ya mipangilio ya mtandao, na humo kuna mahali pa kuongeza APN. Nakushauri utumie njia hiyo ikiwepo, uiondoe programu ya kampuni. Mbili zikiishi pamoja zinagombania kifaa kimoja, na inayoshindwa ndiyo itakayokuonesha kosa.

Kosa lenyewe mara nyingi huja na namba. Namba 633 husema modemu inatumika tayari au haikupangwa sawasawa. Kwenye kompyuta ya mezani ina chanzo kimoja maarufu: ulihamisha modemu kwenda tundu lingine la USB. Windows ikaichukulia kama modemu mpya, ikaipa namba mpya ya COM, wakati muunganisho wako bado unaita ile ya zamani ambayo haipo. Ndiyo maana nilikwambia uweke alama kwenye tundu. Rudisha modemu pale pale, au futa muunganisho utengeneze mwingine. Namba 651 ni modemu yenyewe kulalamika, na hapo chomoa, hesabu hadi 30, chomeka, uanze upya. Ikirudi, rejea sura ya umeme hapo juu kabla ya kitu kingine chochote.

Ubuntu na ndugu zake

Shule na ofisi kadhaa zimehamia Linux kwa sababu kompyuta zao haziiwezi Windows mpya, na wengine watafuata sasa, kwani msaada wa Windows 10 ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Habari njema ni kwamba Linux husema kinachoisumbua, mradi uiulize.

Fungua terminali uandike lsusb. Tafuta mstari wenye 12d1, ambayo ni Huawei, au 19d2, ambayo ni ZTE. Usipouona kabisa, ni waya au tundu. Ukiuona, soma namba inayofuata: 12d1:1446 au 12d1:1f01 maana yake modemu bado imevaa sura ya CD. Kinachoigeuza kinaitwa usb-modeswitch, na kinachoiendesha ni ModemManager. Kama havipo, andika sudo apt install usb-modeswitch modemmanager. Ndiyo, kupata intaneti kunadai intaneti. Iazime kwa simu kwa njia nitakayoieleza hapo chini.

Baada ya hapo mmcli -L itaorodhesha modemu, na mmcli -m 0 (au namba uliyooneshwa) itakupa hali yake. Neno “locked” ni PIN. “searching” ni mawimbi au masafa. “registered” ni kwamba mtandao umekubali, kilichobaki ni APN tu. Hapo andika:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name laini apn internet

kisha nmcli connection up laini. Weka APN yako mahali pa internet. Kuanzia hapo muunganisho utaonekana kwenye ikoni ya mtandao juu ya kioo, na huna haja ya terminali tena. Kama modemu yako ni HiLink, mmcli haitaiona, nayo ni sawa, kwa sababu kwa Linux hiyo ni kadi ya mtandao ya kawaida.

Ikikataa bado, andika sudo dmesg | tail mara tu baada ya kuchomeka. Ukiona “error -71” au “error -110” zikijirudia, acha mipangilio, badilisha waya au tundu.

Imeunganishwa, kurasa hazifunguki

Hii ndiyo hali inayokatisha tamaa kuliko zote. Taa imetulia, kompyuta inasema umeunganishwa, lakini kivinjari kinalalamika.

Tazama saa pembeni mwa kioo. Kompyuta ya mezani hutunza saa kwa betri ndogo ya mazabodi, CR2032, sawa na zile za mizani ya jikoni. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Tovuti nyingi leo zinatumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2010 itaona vyeti vyote ni batili. Utapata onyo la “muunganisho wako si wa faragha” kila unakokwenda. Watu wamebadilisha modemu, laini, hata kampuni, kumbe ni betri ya bei ya soda. Rekebisha saa, ujaribu. Ikikubali, nunua betri.

Saa ikiwa sawa, chomoa waya wa LAN kama upo. Ofisi nyingi zimeunga kompyuta zao kwa LAN ili zitumie printa moja, bila intaneti yoyote kwenye mtandao huo. Windows ikiwa na njia mbili, inaweza kuchagua ile ya waya kwa kuiona ya kasi zaidi, ikatuma maombi yako kwenye printa, kwa lugha ya mtaani. Ukichomoa na intaneti ikafunguka, umeshajua; mwite mtu wa IT aondoe “default gateway” kwenye mpangilio wa LAN, printa itaendelea kufanya kazi.

Kisha andika ping 8.8.8.8 kwenye dirisha la amri. Majibu yakirudi huku kurasa zikikataa, tatizo ni DNS, yaani kompyuta haijui kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwa mkono kwenye mipangilio ya DNS ya muunganisho huo. Majibu yasiporudi kabisa, rudi kwenye bando.

Na ukifanikiwa, kabla hujasherehekea, funga bomba. Kompyuta ya mezani iliyokaa wiki tatu bila intaneti ina madeni: masasisho ya Windows, ya antivairasi, ya kivinjari. Mara tu inapopata mtandao inaanza kulipa yote kwa bando lako, na kifurushi cha wiki kinaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwenye mipangilio ya muunganisho wako washa “Metered connection”. Fanya hivyo kwa muunganisho wa modemu wenyewe, hata kama uliwahi kufanya kwa mwingine. Masasisho ya usalama yanahitajika, kwa hiyo usiyazime daima. Yaruhusu usiku ukiwa na bando la usiku.

Ukikwama

Ukiwapigia huduma kwa wateja, usianze na “mtandao unasumbua”. Utaambiwa uzime simu na kuiwasha, kisha uagwe kwa heshima. Sema hivi: “Habari za kazi. Laini yangu inafungua intaneti kwenye simu, ila kwenye modemu haifungui. Modemu imesajili mtandao. Naomba unithibitishie APN ya modemu, na kama laini hii ina kizuizi chochote cha data.” Mhudumu atajua anazungumza na mtu aliyekwisha kupima, na majibu huwa tofauti. Kuwa na IMEI ya modemu mkononi.

Kazi ikiwa ya haraka, tumia simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa data kwenye tundu la nyuma, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa “USB tethering”. Windows 10 na Linux zitaiona kama kadi ya mtandao bila kusakinisha kitu. Kwa iPhone, kwenye Windows itabidi uweke kwanza programu ya Apple. Njia hii ni nzuri kwa siku moja, na mbaya kwa ofisi: simu inapata joto, na mwenye simu akienda kula, ofisi nzima inabaki bila mtandao.

Na kama bado hujanunua kifaa, au modemu yako imeshindikana na unafikiria nyingine, nakwambia wazi: kwa kompyuta isiyohama mezani usinunue modemu ya USB. Nunua ruta ya 4G yenye nafasi ya laini na tundu la LAN. Itakaa dirishani kwenye mawimbi mazuri, itatumia adapta yake ya umeme, itaunganishwa na CPU kwa waya wa LAN ambao kompyuta yoyote inaufahamu bila draiva, na kompyuta ya pili ikija haitahitaji modemu nyingine. APN unaiweka mara moja ndani ya ruta. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe hapo hapo dukani kwa laini yako mwenyewe, na usiondoke mpaka uione imefungua ukurasa.